UZI: Kipimo cha nywele cha "madini na sumu mwilini" kinachozunguka Kigoma, someni kabla hamjatoa hela

Mtu wa Maabara Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu salamu, wana Kigoma wote na majirani zetu wa Tabora. Nimefungua uzi huu kwa sababu hii ishu ya kukatwa nywele na kupimwa madini imeshika kasi, Mwanga wanapita duka kwa duka, Ujiji wameshafika, nasikia mpaka Kasulu wapo. Mtu anakuja na mkasi na bahasha, anakukata nywele kidogo, anakwambia zinaenda kupimwa nje ya nchi, baada ya wiki kadhaa unaletewa ripoti ya rangirangi kurasa kibao, alaf ukifika ukurasa wa mwisho ndo unakutana na biashara yenyewe: virutubisho vya miezi sita na dawa ya kutoa sumu. Watu wananiletea hizo ripoti niwasomee kwa vile wanajua nafanya kazi maabara, na wengi wanakuja wakiwa na hofu kwelikweli, mama anadhani mwanae ana sumu kwenye ubongo. Badala ya kujibu mmoja mmoja wasap nikaona niandike hapa. Itakuwa ndefu, mnivumilie, maana siwezi kuandika "utapeli" nikafunga mjadala. Nywele zina kazi yake ya maana kabisa kwenye vipimo, na ndo maana hawa jamaa wanaaminika, wamechukua kitu cha kweli wakakinyoosha mpaka kikafika pasipofika.

Tuanze na hicho cha kweli. Unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi. Ukiwa bado kwenye shina ndani ya ngozi unalishwa na damu, kwa hiyo kilichokuwemo kwenye damu siku hizo kinaingia kwenye unywele. Ukishatoka nje umekufa, hauongezewi tena kitu kutoka ndani. Ndo maana sentimita tatu za karibu na ngozi zinakueleza kama miezi mitatu iliyopita. Na kuna sumu moja inayonasa kwenye nywele kuliko zote, nayo ni ile zebaki inayopatikana kwa samaki, methilimekyuri, kwa sababu inashikana sana na salfa na nywele zimejaa salfa. Kiasi chake kwenye nywele ni kama mara 250 ya kilichopo kwenye damu, hivo ni rahisi kuipima na inatunza historia.

Mfano mkubwa ni Iraki, mwisho wa mwaka 1971 kuingia 1972. Nchi ilipokea ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu yenye zebaki, ilikuwa ya kupanda, lakini familia za vijijini zikasaga zikaoka mikate. Waliolazwa hospitali ni watu 6,530 na waliofia humo hospitali ni 459. Watafiti walichukua nywele ndefu za kinamama, wakazikata vipande vifupi kuanzia kwenye ngozi kwenda nje, wakapima kila kipande peke yake, na wakaona kabisa mwezi ambao zebaki ilianza kupanda, mwezi iliofika juu kabisa, na ilivyoshuka baada ya kuacha ile mikate. Yule profesa wa kemia wa Dartmouth kule Marekani, Karen Wetterhahn, aliyedondokewa na matone machache ya dimethilimekyuri, aina nyingine kali sana ya zebaki, juu ya glavu Agosti 1996 akafariki Juni 1997, naye nywele zake zilionesha kwamba zebaki ilimuingia mara moja tu, haikuwa ya kidogokidogo kwa miaka. Hiyo ndo nguvu ya nywele, na wala siibezi.

Sasa angalieni masharti ya hiyo nguvu. Ni sumu moja inayojulikana, kuna sababu ya kuitafuta, nywele zimekatwa kisogoni karibu kabisa na ngozi na upande wa shina umewekewa alama, na anayesoma majibu anajua huyu mtu alikula nini na anaishi wapi. Huyu wa Mwanga anakata popote, kwa mwenye dawa ya nywele na asiye na dawa, mwenye piko na aliyetoka kusuka, anatumbukiza kwenye bahasha na kuandika jina na umri, basi. Alaf anapima madini thelathini na kitu kwa mkupuo.

Nielezee ripoti moja niliyoikalia kwa muda, mwenyewe kaniruhusu nisimtaje. Ni mama wa Uvinza, anafanya kazi kwenye chumvi, kuanika na kufungasha, miaka mingi. Ripoti ina vimstari vya rangi, kijani ni sawa, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Sodiamu nyekundu mpaka mwisho wa karatasi. Kalsiamu nyekundu. Magnesiamu nyekundu. Chini wameandika kwamba uwiano wa sodiamu na potasiamu unaonesha tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo, zimechoka na mwili unaunguza chakula taratibu, atumie vidonge vya aina nne. Jamani, huyu mama anashinda kwenye chumvi! Inamrukia kichwani, jasho linakauka hapohapo, anaoga maji ya kisima chenye chumvichumvi, na nywele ni kama sifongo, zinafyonza kila kinachogusa. Mashine haikukosea, sodiamu kwenye zile nywele ilikuwepo kweli. Ila imetoka kwenye gunia, haijatoka kwenye damu yake. Hakuna mtu aliyemuuliza kazi yake. Na presha yake ilipopimwa kituo cha afya ikakutwa juu, ambayo ndo ilikuwa inamuumiza kichwa muda wote huo, na kile kipimo cha dakika mbili hakikumgharimu hata robo ya aliyotoa kwa nywele.

Mtasema si wanaosha nywele kabla ya kupima. Wanaosha, na hapo ndo pana mtihani wenyewe. Kila maabara ina namna yake ya kuosha, wengine asetoni, wengine sabuni, wengine hawaoshi kabisa, ukiosha kidogo unabaki na uchafu wa nje, ukiosha sana unatoa mpaka ya ndani, na hakuna namna ya kutenganisha ya nje na ya ndani ikishazama kwenye unywele. Mwaka 1985 daktari mmoja Marekani, Stephen Barrett, alichukua nywele za mabinti wawili wenye afya nzuri akazituma kwa majina ya bandia kwenye maabara 13 za biashara, majibu yakarudi yanapingana, hata sampuli ya mtu huyohuyo kwenye maabara hiyohiyo haikufanana, na maabara sita zikapendekeza virutubisho, navyo kila ripoti vya kwake. Mkasema ni zamani? Mwaka 2001 watafiti wa California wakarudia, nywele za mtu mmoja mzima wa afya, maabara sita kubwa. Kwa madini 12, tofauti kati ya jibu la chini na la juu ilizidi mara kumi. Mara kumi wakuu! Ingekuwa malaria au sukari mngeichoma hiyo maabara.

Niishie hapa kwanza, ulizeni.

Kibirizi Dagaa

Asante mkuu umetufungua. Sasa mimi swali langu ni hili, hao jamaa wamemwambia wife ana zebaki kwa sababu ya kula samaki wa ziwani, wamemkataza dagaa na migebuka kabisa, na sisi hapa Kibirizi ndo maisha yetu, tunavua tunaanika tunauza, watoto wanakula dagaa kila siku. Ni kweli dagaa wana zebaki?

Mtu wa Maabara Ujiji

Mkuu usimnyime wife dagaa, tafadhali sana. Zebaki inapanda kwa ngazi, iko kidogo sana kwenye viumbe vidogovidogo vya majini, samaki mdogo anakula hivyo, mkubwa anamla mdogo, kila ngazi inaongezeka, na samaki aliyeishi miaka mingi kakusanya zaidi. Dagaa wetu ni mdogo, anaishi muda mfupi, yuko chini kwenye hiyo ngazi. Wa kumwangalia ni yule mkubwa anayekula wenzake, lile sangala zee linalobebwa na watu wawili, na hata huyo ni kwa mjamzito na mtoto mdogo asiwe ndo mboga ya kila siku. Dagaa analiwa na mifupa yake, kalsiamu ipo, zinki ipo, chuma kipo, protini ipo, alaf mtu anakukataza hiyo anakuuzia kalsiamu ya kidonge.

Ila kwa haki nikwambie pia, kwenye swali hilohilo la samaki nywele ndo kipimo chenyewe. Kama wife kweli wamempima zebaki, uliza namba na kipimio, yani ni mikrogramu ngapi kwa gramu ngapi. Mamlaka ya mazingira ya Marekani kiwango chake cha tahadhari kinalingana na kama mikrogramu 1 kwa gramu 1 ya nywele, na hicho kimewekwa chini kwa makusudi ili kumlinda mtoto aliye tumboni, kukivuka kidogo hakumaanishi mtu kaumwa. Ripoti nyingi nilizoziona zina rangi nyekundu tu na namba isiyo na kipimio pembeni. Namba bila kipimio usiilipie hata mia.

Mama Shukuru

Shikamoo kaka, samahani kama naingilia wanaume. Mimi nina mtoto wa miaka miwili, nywele zake zimekuwa za kahawia kama nyekundu hivi na nyepesi, zinang'oka. Yule dada wa kipimo akaniambia nywele zenyewe zinaonesha hana zinki na shaba, anipimie kwa laki na themanini. Sina hiyo hela ila nilitaka kukopa kwenye kikoba.

Mtu wa Maabara Ujiji

Marahaba mama, na hujaingilia chochote, swali lako ndo la kwanza kwa uzito kwenye uzi huu. USIKOPE. Mpeleke mtoto kliniki kesho asubuhi, usisubiri siku ya kliniki. Nywele kubadilika rangi na kung'oka kwa mtoto wa umri huo inaweza kuwa dalili ya utapiamlo, na hiyo inaangaliwa kwa macho na mikono, hakuna haja ya mkasi. Watampima uzito na urefu, watamzungushia ule utepe wa rangi kwenye mkono wa juu, watabonyeza miguu kuona kama imevimba, watapima wingi wa damu, malaria na minyoo. Hivyo vinne vitano ndo vinaokoa mtoto.

Na kuhusu zinki kwenye nywele nikupe sababu ili ukikutana naye tena umjibu. Mtoto mwenye upungufu mkali nywele zake zinaota polepole, kwa hiyo ile zinki kidogo aliyonayo inajikusanya kwenye unywele mfupi, majibu yanaweza kusoma sawa au hata juu wakati mtoto anaisha. Yani kipimo kinaweza kukwambia mtoto wako hana shida wakati shida ipo. Hiyo kwangu ndo mbaya kuliko hela iliyopotea. Chuma nacho hivohivo, upungufu wa damu unapimwa kwenye damu, hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya chuma), chuma cha kwenye nywele hakikuambii kitu.

Ukitoka kliniki tuambie hapa mama.

Duara la Nzega

Wakuu mimi niko Nzega, nachenjua dhahabu, karasha la kusagia mawe ninalo na mwalo wa kuchenjulia ninao. Huku kwetu zebaki tunaishika kwa mkono kila siku na kuchoma tunachoma kwenye kikaango. Nilikuwa nimewaza niwapeleke vijana wangu kwenye hicho kipimo cha nywele, mkuu wa maabara unasemaje, maana sisi sumu ipo kweli, sio ya kuhadithiwa.

Mtu wa Maabara Ujiji

Mkuu wa Nzega nakushukuru kwa kuwafikiria vijana, wamiliki wengi hawafiki huko. Kwenu tatizo ni la kweli ila nywele sio kipimo chenu. Zebaki yenu ni ya mvuke. Mnapochoma, ule moshi usioonekana unavutwa kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo, na mwili unautoa kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo kipimo ni MKOJO. Mvuke huohuo unatua pia kwenye nywele za kila aliyesimama karibu, sasa ukipima nywele za kijana wako utakuta zebaki nyingi na hutajua kama imo ndani yake au imemkalia kichwani kama vumbi la karasha. Mkojo unaonesha ya ndani, na kwa sababu zebaki hiyo inatoka taratibu, hata kijana aliyeacha kazi mwezi uliopita bado itaonekana.

Dalili za kuziangalia ni mikono kutetemeka, angalia mtu anavyoshika kikombe au anavyoandika jina lake, fizi kuvimba na kutoka damu, usingizi kupotea, kusahau, na mtu mpole kuanza kuwa na hasira za ghafla. Ukiona hivyo mtoe kwenye kuchoma kwanza ndo mengine yafuate. Na retoti mkuu, ile ya kufunga mvuke usitoke na zebaki ikarudi kwenye chupa, hata kwa hesabu ya hela inakurudishia zebaki yako. La mwisho kwako nakuomba kama ndugu, kuchoma kusifanyike nyumbani, jikoni ambapo mke anapika na mtoto amelala. Wala mawe yasisagwe nyumbani. Zamfara kule Nigeria mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa madini ya risasi yaliyokuwemo kwenye mawe ya dhahabu waliyokuwa wanasaga majumbani. Walipimwa DAMU, na waliokuwa juu wakapewa dawa ya kutoa risasi mwilini chini ya MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka.

Kasulu Original

Mnaongea sana lakini mimi nilipimwa nywele, nikaambiwa nina sumu, nikatumia dozi zao na uchovu umeisha, nalala vizuri. Nyie watu wa hospitali mnalinda biashara yenu. Mbona hiyo dawa ya kutoa sumu umesema mwenyewe ilitumika Nigeria?

Mtu wa Maabara Ujiji

Mkuu nimefurahi uko vizuri, na sina sababu ya kukukatalia ulichokihisi. Naomba tu utuambie kama kwenye hiyo dozi walikwambia pia uache pombe, ulale mapema, ule mboga za majani na unywe maji, maana karibu ripoti zote nilizosoma zina huo ukurasa, na huo ukurasa ni mzuri, ndo pekee ningeulipia. Mtu akifuata hayo uchovu unapungua awe na sumu asiwe nayo.

Kuhusu Nigeria, soma tena mkuu, wale watoto walipimwa damu, ikaonekana risasi nyingi, ndo wakapewa dawa, wanafuatiliwa. Dawa za aina hiyo hazichagui, zinabeba na madini unayoyahitaji. Mwaka 2005 Marekani mtoto wa miaka mitano alifariki baada ya kuchomwa EDTA, moja ya hizo dawa za kutoa madini, ya aina isiyo sahihi, ikashusha kalsiamu kwenye damu mpaka moyo ukasimama. Kwa hiyo nikisikia kuna watu mjini wanatundikia wenzao dripu ya kusafisha sumu kwa sababu ya kimstari chekundu kwenye ripoti ya nywele, silali. Vidonge vya zinki ukizidisha navyo vina madhara, ila dripu ni habari nyingine. Na kuna ujanja mwingine muujue, wanakupa kwanza dawa ya kutoa madini alaf ndo wanapima mkojo, lazima namba ipande, kila mtu ana madini kidogo mwilini. Kipimo cha namna hiyo hakina kiwango cha kulinganishia, usikikubali.

Binti Gungu

Kaka mimi naomba kuuliza bila kunicheka, nilitumia mkorogo kama miaka mitatu, nimeacha. Nasikia una zebaki. Nipime nywele?

Mtu wa Maabara Ujiji

Hakuna wa kukucheka dada'angu, na hongera kwa kuacha. Baadhi ya mikorogo ina zebaki kweli, ndo inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, na inapitia kwenye ngozi kuingia mwilini, inakwenda kupiga figo. Hiyo nayo ni zebaki inayopimwa kwenye mkojo, sio nywele. Nenda hospitali, mwambie daktari neno kwa neno ulitumia nini na muda gani, apime mkojo kuangalia protini na apime damu kuona kazi ya figo, hivyo viwili vinapatikana hapa Kigoma, na presha. Kama bado unayo kopo lake usilitupe jalalani wala usimpe mtu, libebe ulioneshe. Kama uso au miguu inavimba asubuhi usisubiri, nenda leo.

Duara la Nzega

Nimekuelewa mkuu. Sasa huo mkojo unapimwa wapi? Hospitali yetu wakisikia zebaki wananiangalia tu.

Mtu wa Maabara Ujiji

Hospitali nyingi hazina hiyo mashine mkuu, ni kweli, sampuli inachukuliwa pale na kutumwa mbele. Omba daktari awasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia ofisi yao ya kanda, waseme wenyewe kama watapokea na wanataka sampuli kwenye chombo gani. Ukiwa na vijana kadhaa nenda pia OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kama mwajiri, kupima afya za wafanyakazi ni kazi yao. Siku ya kutoa mkojo kijana asitoke mwaloni moja kwa moja, aoge kwanza, avae nguo safi, anawe mikono vizuri, maana tone moja la vumbi la zebaki kutoka kwenye vidole likidondokea kwenye chupa majibu yote yameharibika. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unafaa, na waombe wapime na kreatinini humohumo, inaonesha mkojo ni mzito au umechanganyika na maji mengi, bila hiyo aliyekunywa maji mengi ataonekana mzima kuliko mwenzake.

Mama Shukuru

Kaka tumetoka kliniki. Mkono umesoma njano, damu yake ndogo na ana malaria. Wamenipa dawa ya malaria na ile pakiti ya karanga, nirudi wiki ijayo.

Mtu wa Maabara Ujiji

Alhamdulillah mama. Dawa ya malaria amalize dozi yote hata akichangamka, na hiyo pakiti ya karanga ni yake peke yake, wakubwa zake wasigawiwe. Akipata homa tena, akishindwa kula, miguu ikivimba au akilegea usisubiri hiyo wiki, rudi usiku huohuo.